Jumeli 10x50 ya okazi kutoka soko ya Lushi: kwa nyota pacha sikushauri, kwa nyota badilifu chukua tu

Nianze na bei juu najua njo kitu mutatafuta kwanza. Dola 25. Jumeli (darubini ya kushika, ya macho mawili) ya 10x50, okazi yaani ilishatumika, kutoka soko ya hapa Lushi (Lubumbashi), haina karto, kifuniko kimoja cha mbele kilishapotea, mukanda wa shingo upo, na kuna kakitambaa ka kupangusia vioo ambako afadhali ukatumie kwa viatu. Papa anayeuza alianza na 45, tukashukishana pole pole, na mbele ya kufika 25 alishanionyesha redio mbili na pasi ya makala ambazo sikuulizia. Jina iliyoandikwa juu ya jumeli sitataja na haina hata faida kutaja, juu chombo ileile utaikuta kwenye meza tano na majina tano, kibandiko tu njo kinabadilika.

Sasa mimi sikununua ya kuangalia mpira wala ndege. Mimi naangalia nyota, na hasa aina mbili: nyota pacha, yaani zile mbili zinazokaa karibu karibu na mara nyingi zinazungukana kabisa, na nyota badilifu, zile ambazo mwanga wake unapanda na kushuka kwa masaa, kwa siku ama kwa miezi. Kwa kazi ya kwanza jumeli hii ni mubaya mpaka unacheka. Kwa kazi ya pili inaweza, tena inaweza vizuri, na vile unavyoona angani na hii jumeli ya dola 25 unaweza kuandika namba ambayo mwanasayansi wa mbali ataitumia kweli. Haiko mambo ya kujifariji juu ya kukosa hela ya kubwa, nitaeleza sababu.

Kwanza vile wanaandika juu ya mwili. 10x50 maana yake inakuza mara 10 na vioo vya mbele vina upana wa milimita 50. Ile 10 naikubali. Ile 50 njo nilikuwa na mashaka, na kupima haiombi mashine: unawasha torshi ya telefone, unaiweka upande wa jicho, mbali kidogo na kioo, unaweka karatasi mbele ya kioo kikubwa, duara ya mwanga inatokea pale kwenye karatasi, unapima na rula ya mutoto wa shule. Yangu ilitoa 41. Ndani mule kuna pete ya plastiki inayobana njia ya mwanga, wenye viwanda wanafanya vile ili kuficha kingo za vioo ambavyo havikusagwa vizuri. Na mwanga unafuata eneo sio upana, kwa hiyo kutoka 50 kushuka 41 ni kupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wote. Hiyo ni wizi kidogo, lakini kwa bei ile sikulia.

Ya pili, wameandika 7°, yaani uwanja unaouona ni wa digrii 7. Hii unapima na mbingu yenyewe. Mwezi wa tano, saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini umesimama wima, na nyota ya chini kabisa na ile ya juu zinaachana digrii 6 hivi. Jumeli ya digrii 7 ingezimeza zote mbili na nafasi ikabaki. Yangu ukiweka moja ndani, ya pili inagusa ukingo na inatoka, unarudisha hii, ile inatoka. Basi haifiki 6. Na kwenye ukingo nyota haiko tena nukta, inakuwa kamukia kadogo, kama kuna muntu amekavuta. Katikati ni safi, theluthi mbili za katikati hivi, na mule njo tutafanyia kazi.

Tuende kwa nyota pacha, kwa hasira zote.

Jumeli ni darubini mbili zimefungwa pamoja, na lazima ziangalie mahali pamoja kabisa. Hii yangu iliwahi kuanguka kwa mwenye wa kwanza, ama ilitoka vile kiwandani, sijui, ila mirija miwili haikubaliani. Mchana hauoni sana juu macho yanajilazimisha kuunganisha, baada ya dakika kumi kichwa tu kinaanza kuuma. Usiku sasa! Unaelekeza kwa nyota yenye jumeli ingepaswa kuionyesha moja tu, unaona mbili. Antares mbili. Spica mbili. Yaani kwa jumeli hii mbingu yote ni pacha, na muntu asiyejua anaweza kuandika kaye (daftari) nzima ya uvumbuzi wa uongo. Kujua ukweli unafunga jicho moja: kama ya pili imepotea, ni jumeli, kama zimebaki mbili hata kwa jicho moja, njo pacha za kweli.

Kwa jicho moja nilijaribu zile zinazojulikana. Mu ya Nge (Mu Scorpii: Mu ni herufi ya Kigiriki, Nge ni kundi la nyota), kwenye mukia, ni rahisi mno, hizo mbili zinaachana kama sehemu moja ya tano ya upana wa mwezi... ngoja niseme namba tu, sekunde za tao 346 (digrii moja ina sekunde 3600), muntu mwenye macho mazuri anazitenganisha bila chombo. Alfa ya Mizani (Alpha Librae), sekunde 231, hiyo pia inatoka safi, moja kubwa moja dogo, napenda kuonyesha wageni. Kiisha nikashuka kwa Nu ya Nge, sekunde 41, ambayo jumeli nzuri ya 10x50 iliyosimamishwa kwenye trepie (miguu mitatu) inapaswa kuiweza: yangu inaonyesha kitu kirefu, kirefu tu, ukitaka kuapa mahakamani kwamba ni mbili huwezi. Albireo, sekunde 34 na kitu, ile ya dhahabu na buluu inayosifiwa na kila muntu, nilipata rangi mbili zimechanganyika kwenye bonge moja.

Na Alfa Sentauri usiniulize. Ni pacha maarufu kuliko zote huku kusini, ziko mbali mwaka-nuru 4 na kidogo tu (mwaka-nuru ni umbali mwanga unapita kwa mwaka moja), zinazungukana kwa miaka 80 hivi, na aliyegundua kwamba ni mbili alikuwa padri Mujesuiti Jean Richaud mwaka 1689, akiwa Pondicherry kule India, na darubini. Lakini zinaachana sekunde chache sana, hakuna jumeli ya 10x50 itakayozitenganisha hata ungelipa dola elfu, hilo sio kosa ya papa wa sokoni. Kwa kazi hiyo unahitaji darubini ya kweli yenye kukuza mara mingi na iliyosimama imara. Wanaopima nyota pacha wanapima umbali kati yao na upande moja iko ukilinganisha na nyingine, mwaka baada ya mwaka, mpaka mzunguko unajichora, na kwa mzunguko wanapata uzito wa nyota, njo njia ya uhakika zaidi tuliyo nayo ya kupima nyota uzito. Kazi ya heshima, jumeli hii haimo.

Basi. Sasa upande ambao ulinifanya niandike haya yote.

Nyota badilifu haikuombi utenganishe kitu. Inakuuliza swali moja: leo uko na mwanga kiasi gani ukilinganisha na wale jirani zako ambao hawabadiliki? Unaangalia nyota yako, unaangalia jirani anayeizidi kidogo, unaangalia jirani ambaye inamuzidi kidogo, unakadiria iko wapi katikati yao. Kwa swali lile, mirija isiyokubaliana haidhuru, funga jicho moja. Ukingo mubaya haudhuru, unaweka zote katikati. Hata 41 badala ya 50 haidhuru sana juu inapunguza nyota zote pamoja, haipendelei nyota moja. Tena kuna jambo lingine, kwa nyota nyekundu wazoefu wanapotosha fokasi kidogo kwa makusudi, nukta zinakuwa viduara, na viduara ni rahisi kulinganisha mwanga kuliko nukta za rangi tofauti. Jumeli yangu inapotosha fokasi yenyewe, gurudumu lake limelegea, kila ukiinua mikono inasogea! Kwa hiyo kile kilikuwa kasoro kinakuwa nusu ya huduma.

Ramani unatoa kwa AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota badilifu, kilianzishwa 1911 na William Tyler Olcott ambaye alikuwa mwanasheria sio mwanasayansi. Ni bure. Unaandika jina la nyota, unachagua ukubwa wa uwanja, inakuchorea karatasi na nyota zote za jirani na namba ya mwanga wa kila moja pembeni. Zile namba haziko na nukta: 49 ni 4.9, 55 ni 5.5, wanaondoa nukta ili usidhani ni nyota nyingine kwenye ramani. Kumbuka pia namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi, iko kinyume na marki ya shule. Mi nashusha ramani zangu mchana kwa telefone nikiwa na mega (data), naweka kama picha, usiku sihitaji konekso. Wako na zaidi ya vipimo na makadirio milioni 50 kwenye ghala lao, na mengi yametoka kwa bantu wa kawaida. Na wataalamu wanaitumia kweli, juu darubini kubwa haziwezi kukaa na nyota moja kila usiku, tena nyota zenye kung'aa sana zinazijaza mwanga mpaka hazipimiki. Nyota nyekundu Betelgeuse ilipofifia mwisho wa 2019 mpaka mwanzo wa 2020, ikaanguka mpaka karibu 1.6, dunia nzima ilikuwa inaangalia, na makadirio ya macho yalikuwemo mule pamoja na ya mashine. Kwetu ilikuwa mvua, kama kawaida, vitu vizuri vinapita Lushi ikinyesha.

Sasa nyota ya kuanza nayo ukiwa Lubumbashi na jumeli kama hii, mi nasema Delta ya Mizani, Delta Librae. Kwanza inapita karibu kabisa juu ya kichwa chetu, tuko kwenye latitudo ya digrii 11 na kitu kusini, yenyewe iko 8 na nusu kusini, kwa hiyo hakuna moshi wa chini wala taa za tauni (mji) kuisumbua. Pili ni pacha ambayo huwezi kuitenganisha lakini unaweza kuiona ikifanya kazi: nyota mbili zinazungukana kwa siku 2.33, na kila muzunguko ile hafifu inapita mbele ya ile yenye mwanga inaifunika kwa sehemu, na nyota nzima inaanguka kutoka 4.9 mpaka 5.9. Ni ukoo ule ule wa nyota Algol, ile ambayo John Goodricke wa York mwaka 1783 alieleza kwamba labda kitu kinapita mbele yake. Alikuwa kijana, kiziwi, alikufa na miaka 21 tu. Algol kwetu inakaa chini upande wa kaskazini na inakuja jioni wakati wa mvua, njo maana mi namupa Delta Librae kiti chake.

Na iko na tabia moja inayonifurahisha sana. Zidisha 2.33 (kwa usahihi 2.3274) mara tatu, unapata siku saba kasoro kidogo. Maana yake ukiipata imefunikwa Alhamisi usiku, Alhamisi ijayo itafunikwa tena karibu saa ileile, imetangulia tu dakika kama 26, na inayofuata hivyo hivyo. Kwa hiyo unapata majuma kadhaa ya siku yako moja, kama ni Jumamosi una bahati, kama ni usiku wa kuamkia kazi pole. Kiisha inateleza mpaka inaingia kwenye mwanga wa jioni na unangoja zamu nyingine.

Vile inaonekana kwenye kioo: unaweka Delta upande wa juu wa uwanja, na chini yake kuna zile Ksi mbili za Mizani, moja ya 5.5 na moja ya 5.8. Kaskazini yake kuna 16 Librae ya 4.5. Siku ya kawaida Delta inazishinda Ksi zote mbili bila mabishano na inashindwa kidogo na 16. Usiku wa kufunikwa, saa mbili unaona Delta na unasema hii bado ni bwana. Saa tatu na nusu unarudi, unasema mbona inalingana na Ksi ya kwanza? Unapangusa kioo, unafikiri ni umande. Saa tano hivi imeanguka chini hata ya Ksi ya pili, imekuwa ndogo kuliko wote, na wale wengine hawajasogea. Pale hakuna mashine, hakuna programu, ni jicho yako na jumeli mubovu, na umeona nyota moja inapita mbele ya nyota nyingine. Mi nilipiga kelele peke yangu mu lupango (uani), mbwa akajibu.

Ya pili ni Eta ya Tai, Eta Aquilae, Sefeidi. Hiyo haifunikwi na muntu, yenyewe inapumua, inavimba na kusinyaa kwa siku 7.18, inaenda kati ya 3.5 na 4.4. Edward Pigott, jirani na rafiki wa yule Goodricke, aligundua 1784. Jirani zake kwenye mbingu ni Beta ya Tai 3.7 na Yota ya Tai 4.4: ukiikuta katikati yao unaandika 4.0 ama 4.1, ukiikuta karibu sawa na Beta unaandika 3.8, sio hesabu ya kutisha. Unaweza kuiona hata bila jumeli ila mu tauni na vumbi ya kiangazi jumeli inasaidia. Inapanda haraka na kushuka taratibu, fanya mwezi moja na utaona umbo lile kwenye kaye. Na hizi Sefeidi njo Henrietta Leavitt wa Harvard alionyesha 1912, na nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, kwamba ukijua muda wa kupumua unajua nguvu ya kweli ya mwanga, na ukijua nguvu ya kweli unajua umbali. Wingu lile lile unaliona mwisho wa mwaka ukitoka nje ya tauni, upande wa kusini, kama mvua itakuruhusu.

R ya Ngao, R Scuti, nayo inapita karibu juu ya kichwa, inacheza kati ya 4 na nusu na 8 bila kufuata amri vizuri, kila siku 140 na kitu inaanguka, mara kidogo mara sana. Jumeli yangu inaifuata mpaka chini kwake, kwa shida, usiku kuranti (umeme) ikikatika. Mu1 ya Nge, moja ya wale wawili wa mukiani niliosema, yenyewe ndani yake ni pacha inayofunikana kwa siku 1.45, Solon Bailey aliiona 1896, inabadilika kama 0.3 tu, hiyo nakuachia ukiwa umeshazoea juu 0.3 ni karibu na mwisho wa uwezo wa jicho. Na Eta ya Karina, ambayo mwaka 1843 iling'aa mpaka ikabaki nyuma ya Sirius tu, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, siku hizi iko 4 na kitu, ni pacha pia, nyota mbili kubwa sana zinazungukana kwa miaka 5 na nusu. Hapo hata kama hukadirii kitu, lile wingu linaloizunguka peke yake linalipa dola 25.

Mahali jumeli inashindwa kwa badilifu: chini ya 8 na nusu hakuna kitu. R ya Karina kwenye mwanga wake mukubwa, 4 hivi, iko nzuri, lakini inashuka mpaka 10, na nusu ya mwaka haionekani. T ya Taji la Kaskazini, ile iliyolipuka 1866 na 1946 na ambayo miaka hii wengi wanailinda, ikitulia iko 10, siioni, naangalia tu pale pako wazi. Kama italipuka itakuwa nyota ya macho, jumeli haitahitajika.

Mambo ya hapa kwetu sasa. Kiangazi, mwezi wa tano mpaka wa nane, njo msimu: anga kavu, baridi ya mwezi wa sita na wa saba inauma kweli, vaa koti na kofia. Mwezi wa tisa moshi wa pori unapandisha ukuta mpaka nusu ya mbingu, nyota za chini zinakuwa nyekundu na kufifia, usikadirie kitu kilicho chini ya digrii 30, juu utaandika moshi. Kuranti ikikatika mutaa mzima, wenzako wanalalamika, wewe toka nje, lakini ngoja robo saa macho yazoee, na usiwashe telefone nyeupe, funika na kaplastiki kekundu. Grupe (jenereta) za jirani ni shida kwa masikio tu. Nyota za juu ya kichwa na jumeli kwa mikono ni mateso ya shingo, tandika mukeka ulale chali, viwiko kwenye kifua. Trepie yenye tundu la kufungia sijapata ya hii, tundu lipo lakini limejaa gundi, nadhani kuna muntu alifikiri ni ufa.

Na jumeli mikononi usiku inaleta maswali. Baki ndani ya lupango, elekeza juu, usisimame nayo barabarani wala karibu na kambi ama ofisi ya serikali hata kama Jupita imekaa juu yake. Mama jirani aliniuliza juu ya ukuta, "Papa, unaangalia nini kwetu?" Nikamukaribisha, nikamuonyesha mwezi, sasa anatuma watoto wote wa mutaa na mimi nashindwa kukadiria.

Kama unatuma makadirio, saa unaandika ya UT (saa moja ya dunia nzima), kwetu Lubumbashi unatoa mbili, wa Kinshasa wanatoa moja. Saa mbili usiku ya Lushi, yaani 20:00, ni 18:00 UT. Usiku wenye mwezi mukubwa karibu na nyota, pumzika. Nyota nyekundu usizikodolee juu kadiri unavyoitazama inazidi kung'aa kwenye jicho, tupia macho haraka haraka na utoe jibu. Na ukisikia namba ya jana ikikuambia leo lazima iwe hivi, usiisikilize, andika ulichoona. Kule Lovedale, Afrika Kusini, kulikuwa mwalimu wa misheni, Alexander Roberts, alianza 1891 na vifaa vidogo, akafikisha makadirio karibu elfu 70 ya nyota za kusini, kazi ya darasani anaimaliza ndio anatoka nje.

Kwa hiyo ununue ama usinunue? Unataka nyota pacha, weka hela kwa bahasha mpaka ifike ya darubini ndogo. Unataka badilifu, chukua, ila usipite dola 30 na usichukue ya kwanza unayopewa. Palepale mezani angalia antena ya mbali ama waya wa umeme, kiisha ondoa jumeli pole pole kutoka machoni: waya ukigawanyika mbili zenye kupishana juu na chini, rudisha, omba nyingine. Ishike mbali na uso kwa urefu wa mukono, vioo vikubwa viangalie mbingu ya mchana (jua hapana, kabisa!), utaona viduara viwili vya mwanga nyuma, vikiwa duara safi ni nzuri, vikiwa na pembe kama mraba vioo vya ndani ni vya bei rahisi, si mwisho wa dunia lakini bei ishuke. Vioo vya mbele vyenye rangi nyekundu ya kung'aa, acha, vinarudisha nje mwanga uliolipia. Itikise karibu na sikio usikie kama kuna kitu kimelegea ndani. Papa huyo alikuwa bado na zingine mbili za aina hii, na moja ya zoom, 10-30x60, ambayo anasema inafika mpaka Marsi. Ile mwachie.